Kumpita Bibi Pelagia

Wakwe walipokewa vizuri, hilo halina ubishi. Josepha alisimama mlangoni mwa ukumbi tangu jua likiwa kali, kitenge kipya juu ya gauni la kanisani, na gari la kutoka Kibondo liliposimama ng'ambo ya barabara alikwenda mwenyewe kumpokea Esteri mkoba. Mume wa Josepha, Majaliwa, alimshika Felisiani, mume wa Esteri, kwa mikono miwili. Kijana wao Marcel alibaki nyuma kidogo, kama inavyompasa mtu anayeposa, akisubiri kuitwa.

"Ndiyo huyu mwenye sinema?" Felisiani aliuliza, ingawa Marcel alikwisha fika kwake Mabamba na kunywa maji ya nyumba yake.

"Ndiye, mkwe," Majaliwa alisema. "Leo mtamwona mkubwa kama ukuta."

"Sisi tunataka kumwona wa kawaida tu."

Walicheka wote. Careen, binti mwenyewe anayeposwa, alicheka akitazama viatu vyake.

Mambo yalikuwa yamefika pazuri. Posa ilikwisha pokelewa, na kesho yake, Jumapili, wakwe walikuwa waende Nyakitonto nyumbani kwa Majaliwa kula chakula. Baada ya chakula Felisiani angesema mbele ya watu kwamba binti ni wenu, na hapo ndoa ingekuwa ndoa. Neno hilo bado alikuwa nalo mdomoni. Hakuwa mtu mgumu, ila alikuwa mtu wa kuangalia. Aliwahi kumwacha ng'ombe mzuri mnadani kwa sababu tu hakupenda jinsi mwenyewe alivyomvuta kamba. Ndipo Marcel alipotoa wazo: waje siku moja mapema, wapitie tamasha la filamu mjini Kasulu, wamwone akiwa mbele ya watu.

Tamasha lilikuwa la siku tatu. Siku ya kwanza zilionyeshwa sinema za kupigana, ya pili za mapenzi, na watu walijaa mpaka madirishani. Ya Marcel iliwekwa siku ya mwisho, na kila mtu alijua maana yake. Kitu kizuri huwekwa mwisho. Ilipigwa msimu uliopita pale pale Nyakitonto na dada mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Firdausi, mpole, mwenye kofia ya majani, ambaye alimkuta Marcel akisukuma baiskeli yenye mihogo mikavu akamwambia, "Kaka, wewe ndiye nimekuwa nakutafuta." Tangu siku hiyo Nyakitonto nzima ilimwita Stelingi, na Marcel hakuwakataza.

"Shati hilo ni la nani?" Careen alimwuliza kwa sauti ndogo walipopishana mlangoni.

"La kwangu."

"Lina mikunjo ya dukani bado."

"Nimelivaa kwa ajili ya baba yako."

"Baba atatazama kola," Careen alisema, akaingia.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Josepha ndiye aliyepanga wakae wapi. Aliwaweka wanaume mbele kulia, yeye na Esteri na Careen kushoto, na Marcel akampeleka nyuma kabisa, kwa sababu taa zingezimwa, na kijana haachwi gizani karibu na mama wa mchumba wake. Katikati alikaa Nurudini, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mzaliwa wa Tanga aliyeoa Kasulu, na mfuko wa karanga mapajani. Nurudini hakuwahi kukosa sinema na hakuwahi kunyamaza ndani ya sinema.

Taa zilizimwa. Kwenye shuka nyeupe ukatokea ukungu.

Watu walisubiri ukungu uondoke. Ukungu haukuondoka. Ulikaa hapo, ukasogea kidogo kushoto, ukarudi. Jogoo aliwika, na watu wa mbele wakasema sasa inaanza, kisha ikajulikana kwamba ni jogoo wa jirani, nje ya ukumbi.

"Mashine imeganda," alisema Nurudini.

"Haijaganda, tazama yule mbuzi. Amepepesa sikio."

"Basi mbuzi ndiye stelingi."

Watu walicheka, lakini kwa subira, kama wageni wanaosikia sufuria zikigongana jikoni na kujua chakula kipo njiani. Baada ya mbuzi likaja paa la nyasi linalotoa moshi. Baada ya moshi, ndoo. Ndoo ilikaa muda mrefu kuliko ukungu.

Halafu Marcel akatokea. Alitokea kwa nyuma. Alikuwa ameinamia baiskeli iliyobeba magunia mawili, akiisukuma kupanda kile kilima kirefu cha Nyakitonto, na udongo mwekundu ulijaa shuka yote mpaka juu.

"Huyo," Josepha alimwambia Esteri, akimgusa paja. "Huyo hapo."

"Namwona mgongo."

"Ni wake. Atageuka."

Hakugeuka. Alisukuma. Tairi lilizunguka polepole na mnyororo ulilia kila unapopita mahali pamoja. Hakuna muziki uliopigwa. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemngoja. Kule nyuma, Marcel mwenyewe alianza kujikunja kwenye kiti, kwa maana naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Alikumbuka jinsi alivyonawa uso mtoni, jinsi alivyocheka na watoto, jinsi alivyosema maneno mengi mazuri kuhusu maisha akiwa amekaa kwenye jiwe. Vyote vilipigwa. Alivingoja vitokee, na kila alipovingoja, tairi lilizunguka tena.

"Akifika juu mniamshe," Nurudini alisema.

"Ndiyo maana kiingilio ni bure," mwingine akajibu.

"Kijana angenipigia simu ningemletea bodaboda."

Watoto walianza kutoka. Mama mmoja alimnyonyesha mwanawe mpaka akalala, akanyanyuka naye akaenda zake. Felisiani peke yake alikaa wima, mikono juu ya fimbo, akitazama kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Kisha, mbali kabisa, kule kilima kinapokutana na mbingu, akatokea mtu mdogo kama punje. Ukumbi ulitulia. Yule mtu alishuka polepole, akawa mwanamke, akawa mzee, akawa na mkongojo na kikapu kichwani.

"Si Bibi Pelagia wa Nyakitonto yule?"

"Ndiye. Mwone anavyoburuta mguu."

"Haya, sasa wataongea," alisema Nurudini, akiweka karanga chini. "Sasa tutajua kisa."

Hakuna aliyekuwa na shaka na kitakachofuata. Kijana angesimama, angeegemeza baiskeli kwenye paja, angeinama, angekutanisha mikono na kuipiga taratibu, angesema mwakeye, kama Waha wanavyosalimiana. Bibi angejibu, angeuliza habari za nyumbani, za mama, za shamba, na kijana angejibu moja moja akiwa bado ameinama. Watu waliokwisha simama ili watoke walibaki wamesimama pale pale. Wawili wale walikaribiana. Tairi likazunguka, mkongojo ukagonga ardhi.

Marcel akampita.

Hakugeuza hata shingo. Na kama sinema ingekuwa ya mbio kama zile za juzi, jambo hilo lingepotea kabla mtu hajalishika. Lakini hii haikuwa na haraka na mtu yeyote. Ilimwacha Marcel aende zake, ikabaki na bibi, ikamwonyesha akisimama, akimtazama aliyempita, akiendelea kushuka. Kisha ikabaki na barabara tupu, ndefu, mpaka kila mtu ukumbini akapata nafasi ya kufikiri mpaka mwisho.

"Amempita," Nurudini alisema. Safari hii hakuwa anatania.

Esteri alifunga upya kitenge chake kiunoni, akavuta fundo mpaka likakaza.

*

Taa ziliwashwa na Firdausi akasimama mbele na kipaza sauti. Zaidi ya nusu ya viti vilikuwa vitupu na alijaribu kutovitazama. Mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni kutoka mkoa mwingine, alisema picha zilikuwa safi sana. Firdausi alimshukuru. Akauliza kama kuna swali, na Felisiani akanyanyuka na fimbo yake.

"Yule bibi alikosa nini?"

"Hakukosa kitu, mzee wangu."

"Huyu kijana ana ugomvi naye?"

"Hapana, hawana ugomvi."

"Sasa mbona hakumsalimu?"

Waliobaki walicheka, na wengine wawili wakarudi kutoka mlangoni. Firdausi alimwona Marcel kule nyuma ameinamisha kichwa, akajua lazima amsaidie, na akamsaidia kwa moyo wake wote.

"Mzee, hilo si kosa la Marcel. Ni langu. Filamu hii ni ya upweke. Nilitaka tuone watu wawili wanapishana, kila mmoja na mzigo wake. Yeye alitaka kabisa kusalimia. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Ulimkataza asimsalimu bibi."

"Ndiyo, mzee."

"Naye akakatazika."

Felisiani alimshukuru kwa adabu, akakaa.

Nje, chini ya ukuta wa ukumbi, Marcel alikuja mbele ya mkwewe bila kuitwa. Shati lilikuwa limelowa mgongoni.

"Baba, ile ni sinema. Ni kuigiza tu."

"Miguu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na baiskeli?"

"Yangu, baba."

"Na yule bibi ni wa kuigiza?"

"Hapana. Ni Bibi Pelagia, wa pale pale kwetu."

"Haya."

Esteri hakuzungumza na Marcel. Alizungumza na Josepha, tena kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mkwe, chakula cha kesho msihangaike. Tutalala hapa mjini kwa dada yangu, asubuhi tunarudi Mabamba."

"Kuku nimekwisha mfunga kamba, mkwe."

"Mfungue."

"Kwa ajili ya sinema?"

"Mgeni wa siku mbili amemwambia asimsalimu mzee wa kijijini kwake, akatii. Kesho akipata rafiki wa kumwambia asinisalimu mimi? Akipata bosi wa kumwambia asimsalimu mke wake?" Alichukua mkoba wake kutoka mkononi mwa Josepha. "Sina hasira. Nimeona, basi."

Nurudini alipita na karanga zake, akataka kusema kitu cha kuchekesha, akatazama nyuso zile, akamwambia tu Majaliwa, "Poleni, jamani," kana kwamba kuna msiba.

*

Nyumbani Nyakitonto, kabla hata maji ya ugali hayajachemka, Majaliwa alikuwa ameilaani sinema kutoka ukungu mpaka ndoo.

"Mtu anapanda mlima mchana kutwa, haongei, hali, hafiki. Hiyo ni sinema? Hata mimi ningekaa mlangoni nikatazama njia, nikaona zaidi ya hapo. Angalau njiani watu wanasalimiana."

Alisikia alichosema, akageuka kuchochea moto.

"Nitampigia dada Firdausi," Marcel alisema. "Aongee na baba yake Careen kwa simu. Amweleze vizuri."

"Amekwisha kueleza vizuri," Josepha alisema. "Mwache apumzike." Alikuwa anachambua mboga, na hakuinua uso. "Mimi nina swali moja. Siku ile ulimsalimu Pelagia au hukumsalimu?"

"Mama, walirudia mara nyingi. Tunapanda, tunashuka, tunapanda. Mara ya kwanza nilisimama nikasema mwakeye. Wakapiga kelele, kata, kata. Nikaambiwa nisisimame tena, jua linaondoka."

"Bibi alikuwa amejibu?"

"Hakuwahi. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo."

"Mlipomaliza?"

Marcel alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu. "Tulipomaliza waliniita nijitazame kwenye kile kioo cha kamera. Nilipogeuka alikuwa ameshaenda."

"Na tangu siku hiyo?"

"Nikikutana naye nampungia mkono."

"Ukiwa wapi?"

"Juu ya baiskeli."

Josepha aliweka ungo chini. Hakupaza sauti, kwa sababu hakuwa na shaka. Alijua sasa kilipo kidonda, na mtu akijua kilipo, kazi imekuwa ndogo. "Kwa hiyo ulianza, ukaacha. Mwaka mzima huo bibi wa watu ameshika nusu ya salamu yako, hajui aiweke wapi."

"Kuna njia nyepesi," Majaliwa alisema. "Tumpelekee kilo mbili za sukari na khanga. Wakwe wakimwuliza, aseme alisalimiwa. Ni neno moja tu. Nani atamkatalia mzee wa miaka ile?"

"Na nani atamfundisha Pelagia neno la kusema? Wewe? Yule ndiye aliyenionyesha kumfunga huyu mgongoni." Alimwelekezea Marcel kidole. "Utakwenda asubuhi, mikono mitupu. Mtu hanunuliwi salamu yake mwenyewe."

"Na wakwe wakishaondoka, mama?"

"Wakishaondoka, utakuwa umemsalimu."

*

Kule mjini, nyumbani kwa dada yake Esteri, wageni walikuwa wamepewa chai na mihogo ya kuchemsha. Hakuna aliyetaja sinema. Careen alimmiminia baba yake kikombe cha pili, akapiga goti kumpa, na akabaki chini pale pale.

"Baba, yule ng'ombe uliyemwacha mnadani, ulimwona wapi?"

"Mnadani. Kwa macho yangu."

"Na mwenye ng'ombe je?"

"Alikuwa hapo hapo."

"Huyu umemwona kwenye shuka," Careen alisema. "Na mwenye kupitwa hukumwuliza kitu."

Esteri aliacha kutafuna. Binti hakuwa amewahi kuongea hivyo mbele ya wazazi wake, tena kwenye nyumba ya watu. Felisiani alikunywa chai yote kwanza.

"Nikimwuliza akasema hakusalimiwa?"

Careen alitazama mkeka. Alijua anachokiweka mezani. "Basi tutapanda gari," alisema.

*

Asubuhi gari la Kibondo liliwashusha njia panda, na walitembea kupanda kile kilima walichokiona jana, Felisiani mbele, Careen katikati, Esteri na mkoba wake nyuma. Kwa miguu kilikuwa kirefu kuliko kwenye shuka. Walipofika kwenye ua wa minyaa aliouonyesha mtoto mmoja, waliwakuta Josepha na Marcel wamesimama penye mlango wa ua.

Hakuna aliyefurahi kumwona mwenzake.

"Mmetutangulia," Felisiani alisema, na kila mtu alielewa anachodhani.

"Tumefika sasa hivi. Hatujaingia," Josepha alisema. "Kama una neno naye, mkwe, anza wewe. Sisi hatujamwambia kitu."

"Nani hao wamesimama uani kwangu kama wakusanya ushuru?"

Bibi Pelagia alikuwa amekaa juani, miguu imenyooshwa, akipepeta maharage. Waliingia wote kwa pamoja, wakajikuta mbele yake kwa mstari. Felisiani alikuwa amelishika swali lake tangu jana, amelala nalo, amepanda nalo mlima, na sasa likamtoka lenyewe.

"Mama, nimekuja na swali moja tu. Huyu kijana, siku ile ya kupiga picha..."

"Swali?" Pelagia alisimamisha ungo. "Umelala wapi, umetoka wapi, unaitwa nani, na mimi nimeamkaje, hivyo vyote umeviacha barabarani? Unakuja na swali?"

Felisiani alirudi hatua moja, kama mtu aliyejikwaa mbele ya watoto. Careen alijiziba mdomo na upande wa khanga. Esteri alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakutazama kitu kingine.

"Haya, uliza, kwa kuwa umeshaanza."

"Alikusalimu?" Felisiani aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Nani, huyu? Hakunisalimu."

Marcel alifumba macho. Josepha hakutikisika.

"Alianza, akaacha. Wale watu wakapiga kelele, yeye akanipita. Wakaturudisha, akanipita. Nikasema moyoni, labda mwisho atamalizia. Mwisho akaenda kuangalia kimashine chao. Tangu siku hiyo ananipungia mkono kama anayefukuza nzi." Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Na nasikia jana nimeonyeshwa Kasulu, watu wamejaa. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nilikuwa nimevaa nini?"

Esteri ndiye aliyesema, "Kitenge cha kijani, mama."

"Kile kilichochanika. Mnaona sasa. Wangesema mapema, ninacho kingine." Akapepeta kidogo. "Nilitembea vizuri?"

"Ulitembea vizuri sana," Esteri alisema. "Wewe ndiye tuliyekutazama."

"Hapo sawa."

Felisiani alishika fimbo yake. Swali lilikwisha jibiwa na jibu lilikuwa lile lile la jana. Careen alikuwa ameshainama kuchukua mkoba wa mama yake.

Marcel hakusema kuhusu jua, wala kelele, wala kamera. Alivua viatu. Alisogea mbele mpaka kivuli chake kikagusa ungo, akainama, magoti yakakaribia ardhi, akakutanisha mikono na kuipiga taratibu.

"Mwakeye, bibi."

Pelagia aliendelea na maharage. Alitoa jiwe, akatoa lingine. Marcel aliendelea kupiga makofi, polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Kuku alipita kati yao. Kule njia panda gari lingine la Kibondo lilipiga honi kwa ajili ya abiria, likapiga tena, kisha mngurumo wake ukaanza kwenda mbali. Esteri aliusikia. Aliuchukua mkoba kutoka mkononi mwa Careen na kuuweka chini.

"Mwakeye, mwanangu," Pelagia alisema hatimaye, akiweka ungo pembeni. "Nyumbani mmelala?"

"Tumelala, bibi."

"Baba yako?"

"Yupo, bibi. Mgongo umepungua."

"Alikuwa anaumwa mgongo? Sikuambiwa." Aliuliza umeanza lini, akaambiwa. Aliuliza mbuzi wale wawili, akaambiwa mmoja amezaa. Aliuliza mihogo ya bondeni, kama nguruwe pori wameirudia, na kisima, na baiskeli yenyewe, kama ule mnyororo bado unalia. Aliuliza habari za msimu mzima uliopita, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeingiza ndani nguo zilizosahaulika kwenye kamba, na Marcel alijibu kila moja akiwa ameinama, jasho likimdondoka puani. Kivuli cha minyaa kilikuwa kimeondoka miguuni mwa Esteri. Hakusogea kukifuata.

"Haya," Pelagia alisema. Alimtazama Marcel, kisha akatazama nyuma yake. "Na hawa uliokuja nao, hawa wenye maswali, ni nani zako?"

Marcel hakuwa tena na haki ya kuwaita wakwe, na hakuwa na jina lingine la kuwaita. Alitazama udongo, mikono bado imekutana.

Felisiani alimpa Careen fimbo yake. Alivua kofia, akasogea mbele mpaka akawa sawasawa na kijana, akainama polepole kwa sababu ya magoti yake, akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, mama," alisema. "Mimi ni Felisiani, nimetoka Mabamba. Sisi ni wakwe zake."

Pelagia alichukua ungo wake, akatoa jiwe moja, akatafuta lingine. Felisiani akasubiri.